Kabla ya Kuwafungulia Programu ya Kuhariri

Ukikabidhiwa chama cha uanahabari shuleni, swali la kwanza la wanafunzi huwa ni moja: tutatumia programu gani kuhariri? Mimi hufundisha vijana wa sekondari hapa Kisumu kutengeneza video fupi na vipindi vya sauti, na swali hilo nalisukuma hadi katikati ya muhula. Mtoto aliyewahi kuazima simu ya dadake tayari anajua kukata video na kuibandikia muziki. Kusikiliza ndiko hajafundishwa.

Kwa hivyo naanza na sauti. Picha ikiwa na giza kidogo, mtazamaji atavumilia. Sauti ikikwaruza, anaondoka. Zoezi la kwanza halihitaji kamera. Kila kundi naliwekea mahali pake: soko la Kibuye, steji ya bodaboda, ufuo wa Dunga. Wanakaa kimya kwa dakika kadhaa na kuandika kila wanachosikia, kisha wanarekodi papo hapo kwa simu. Darasani tunalinganisha daftari na rekodi. Daftari la Kibuye linasema "mama anaita wateja". Kwenye rekodi mama hasikiki. Zinasikika honi za tuktuk na redio ya kinyozi. Sikio huchagua linachotaka, simu inabeba kila kitu. Mwanafunzi akishalisikia hilo mwenyewe, huhitaji tena kumhubiria kuhusu maikrofoni.

Dunga ina somo lake la ziada. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na ifikapo alasiri upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufuoni. Kundi linalokwenda kumhoji mvuvi saa tisa linarudi na mngurumo mtupu. Nendeni asubuhi. Kama ni lazima iwe alasiri, mhojiwa akae nyuma ya banda, na kipaza sauti kivishwe sifongo au hata soksi safi. Kisiwe mbali na mdomo zaidi ya shibiri moja. Mkiwa na simu mbili, moja ipige picha na nyingine irekodi ikiwa kwenye mfuko wa shati wa mhojiwa; mwanzoni mtu apige kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye mpate mahali pa kuoanisha sauti na picha. Na kabla ya kuondoka, rekodini nusu dakika ya mahali penyewe bila mtu kuzungumza. Wanafunzi huona ni upuuzi hadi siku wanapohariri na kukuta pengo katikati ya maneno, linalohitaji kuzibwa na sauti hiyo ya mahali.

Mwanga sitauzungumzia sana. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Pigeni picha kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi. Ndani ya darasa lenye taa za mirija, picha ikimetameta, chanzo ni umeme wetu wa hezi 50. Ukiweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, kuwa 1/50 au 1/100 ya sekunde, kumetameta kunatulia.

Mahojiano ndiyo yanayonipa raha. Vijana huuliza, "Je, biashara ni nzuri?" Mama anajibu, "Ndiyo," na kipindi kimekwisha. Nawazoesha kuomba kisa: "Mama, tueleze siku samaki aina ya ngege walipokosekana kabisa." Halafu kuna suala la lugha. Mama wa Dunga anayelazimishwa kusema Kiswahili cha darasani atatoa sentensi tatu kavu. Mwacheni aseme Dholuo, nanyi mtafsiri na kuandika manukuu ya Kiswahili chini ya picha. Kazi hiyo ya kutafsiri na kufupisha, nionavyo mimi, ina elimu kuliko madoido yote ya programu.

Kompyuta zikiwa chache, haririni kwanza kwenye karatasi. Kila kipande cha video kinaandikiwa kijikaratasi chake: nani anaonekana, anasema nini, sekunde ngapi. Kundi linavipanga juu ya dawati, linabishana, linatupa vingine. Wakifika kwenye mashine wanajua wanachotafuta. Mafaili yapewe majina ya tarehe na mahali, na nakala ihifadhiwe pahali pa pili. Hilo halina mjadala.

Kuhusu ruhusa, usilegeze. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na uso wake ni taarifa. Mimi hutuma fomu nyumbani mwanzoni mwa muhula, si siku ya kupiga picha. Nyimbo zinazovuma redioni nazo zina wenyewe. Darasani hakukosi anayejua kupiga ngoma, na ukibahatika, nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo.

Alama nazitoa kwa daftari la sauti, maswali, vijikaratasi na rekodi ghafi. Video iliyokamilika naipa sehemu ndogo tu, la sivyo atashinda kila mara yule ambaye babake ana simu ya bei. Programu yenyewe naifungua baada ya hapo: Audacity kwa sauti, maana ni ya bure na hata kompyuta kuukuu za maabara yetu zinaimudu. Vitufe vyake, kwa kawaida, wao ndio wanaonionyesha.