Kozi tano, duka, watoto wawili: niache chuo au niendelee?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya kwanza kwa njia ya mtandao, niko Mbeya, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi kuanzia saa 2 asubuhi mpaka 12 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na nina watoto wawili. Muhula huu nina kozi tano za krediti 12 kila moja, tuko wiki ya nane na mimi niko nyuma wiki tatu. Halafu kuna asainmenti, mwisho ulikuwa umeandikwa Ijumaa 00:00, nikapandisha faili Ijumaa saa 4 usiku, mfumo unasema sijawasilisha. Nimechoka, nawaza kuacha. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba dada, na pole sana. Kabla hujajiita mvivu chukua kalamu tupige hesabu, maana naona hii hujawahi kuonyeshwa na mtu. Kwa utaratibu wa vyuo vyetu Tanzania krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, yaani kusoma, kuangalia video, asainmenti, kujiandaa na mtihani, vyote humo. Kozi tano mara 12 ni krediti 60, hizo ni saa 600, ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki. Saa 40 dada! Hiyo ni ajira nyingine kamili juu ya saa 60 unazosimama dukani. Huo ni mzigo wa mtu asiye na kazi nyingine, na wewe ulijisajili kama yeye.

Sasa niambie ukweli, kwa wiki unaweza kupata saa ngapi? Mimi nakukadiria 16, saa mbili kila siku watoto wakishalala Jumatatu mpaka Ijumaa, na sita za Jumapili. Hizo zinabeba kozi mbili vizuri kabisa. Kwa hiyo chagua mbili ambazo umeshafanya kazi nyingi, zishike kwelikweli, na hizo tatu kamwandikie mratibu wa programu kesho, kwa maandishi, umuulize unaruhusiwa kuziondoa au kuziahirisha wiki hii ya nane. Akikataa utajua unapambana na nini, lakini usipotee kimya kimya. Nimeona wanafunzi wenye akili nzuri tu wanaacha kuingia kwenye mfumo, hawaandiki barua, matokeo yakitoka ni sapu (mitihani ya kurudia) kila mahali na wengine wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni, wakati barua ya ukurasa mmoja ingewaokoa.

Kwenye hizo mbili usianzie wiki ya tano ulipokwama. Anzia wiki hii, fuata wenzako wanapokwenda, halafu Jumapili ndo unarudi nyuma kuokota kipande kimoja kimoja. Ukianza na viporo darasa linazidi kwenda na wewe unabaki nyuma vilevile hata ukikesha. Na kama mfumo wenu wa kusomea mtandaoni ni Moodle weka app yake kwenye simu, ukiwa na bando pakua nota za wiki nzima usome hata umeme ukikatika na mtandao ukigoma. Ukimaliza kipande funga simu, andika kwenye daftari unachokumbuka bila kuchungulia, dakika kumi tu. Kusoma tena na tena huku umesinzia kunakudanganya kwamba umeelewa.

Asainmenti sasa. Ijumaa 00:00 ni saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi usiku! Sisi tukisikia usiku wa Ijumaa tunafikiria Ijumaa jua likishazama, mfumo wenyewe unahesabu siku inaanza saa 6 usiku, kwa hiyo ulichelewa karibu siku nzima bila kujua. Mwalimu wa kozi akiona 00:00 inachanganya watu aweke 23:59, mwombeni, ni kazi ya dakika moja. La pili, kozi nyingine zimewekwa hivi kwamba kupandisha faili hakutoshi, faili linakaa kama Draft, yaani rasimu ambayo haijawasilishwa, mpaka ubonyeze Submit assignment na ukubali tena kwenye ukurasa unaofuata. Hapo watu wengi wanafunga simu wakijua wamemaliza. Ingia leo usiku uangalie hali ya kazi yako, kama imeandikwa Draft na kitufe bado kipo, bonyeza, halafu mwandikie mwalimu wa kozi umweleze ulivyoielewa ile tarehe, umtumie na skrinshoti inayoonyesha saa uliyopandisha faili. Kama kitufe hakipo tena mwandikie hivyohivyo, umwombe akufungulie, na unijulishe amejibu nini.