Mwaga mfuko wa dawa kabla hujauza kiwanja

Ndugu, hiyo tikiti ya India isimamishe. Umeandika kwamba mama ana miaka 71, ana sukari, anasahau tangu mwaka jana, kapata 19 kati ya 30 kwenye kipimo cha kumbukumbu, kaandikiwa donepezili, dawa ya kumbukumbu, nawe unatafuta mteja wa kiwanja cha Mtwapa ili akatiwe dripu mpya ya Alzheimer, ugonjwa unaokula ubongo na kumbukumbu. Kisha, kama kitu kidogo tu, ukataja kwamba hunywa amitriptilini usiku kwa sababu ya miguu kuwaka, na Piriton akiwashwa. Hapo ndipo ulipotakiwa kuanza!

Ubongo hushika kumbukumbu kwa msaada wa kemikali iitwayo asetilikolini. Donepezili huizuia isivunjwe haraka. Amitriptilini na Piriton huziba vipokezi vyake. Yaani unamlipa mtu apige hodi na mlango umeupigilia misumari mwenyewe. Halafu donepezili humfanya mzee abanwe na mkojo, anaongezewa oksibutinini ya kutuliza kibofu, nayo ni mzibaji vilevile. Kusahau kunazidi, donepezili inapandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10, mapigo ya moyo yanashuka, mzee anaanguka chooni. Kila anayeandika anatibu madhara ya aliyeandika kabla yake. Mimi hela zangu zimeishia kwenye mduara huo, na yule ajenti wa safari za matibabu aliyeapa kwamba dripu "inarudisha kumbukumbu" Mungu anamuona.

Kwa hiyo mwaga kila kitu mezani: vya kwenye droo, vya kwenye mkoba, vya chini ya mto. Dawa za mafua, za usingizi, za kukaza tumbo, chupa ya mitishamba. Andika jina, miligramu, mara ngapi kwa siku, tangu lini. Pembeni andika mwezi alioanza kusahau. Mpelekee daktari karatasi hiyo pamoja na mfuko wenyewe. Usimkatishe amitriptilini ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Kama anatumia metformini miaka mingi, vitamini B12 huenda imeshuka, na hiyo peke yake huweza kuleta usahaulifu. Damu ipimwe B12, tezi ya shingo, chumvi, figo, kaswende na VVU. Masikio nayo yaangaliwe: asiyesikia neno atalikumbuka vipi?

Hiyo 19 nayo usiiamini bado. Kipimo alipewa kwa lugha gani? Huambiwa mtu achore saa ionyeshe kumi na moja na dakika kumi ya Kizungu; mjukuu anatafsiri "saa kumi na moja na dakika kumi", bibi anaweka mshale mfupi kwenye 5, sawasawa kabisa, anakatwa alama. Anaulizwa majira, anajibu kusi. Mwezi, anajibu mfunguo mosi. Nani hapo kachanganyikiwa? Arudie kwa Kiswahili, wiki kadhaa baada ya dawa kupunguzwa.

Hiyo dripu, lecanemab, ni ya hatua za mwanzo tu, na lazima kwanza picha ya ubongo iitwayo PET au maji ya uti wa mgongo yaonyeshe amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer. Huanza kutiwa kila wiki mbili, na MRI hurudiwa miezi ya mwanzo kwa sababu ubongo huweza kuvimba au kuvuja damu. Kwenye jaribio la miezi 18 waliotiwa dawa walizorota taratibu kuliko waliotiwa dripu isiyo na dawa, tofauti ya alama 0.45 kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye alama 18. Hakuna aliyerudishiwa kumbukumbu. Na usidhani kukosea ugonjwa ni kwetu tu: majaribio makubwa ya mwanzo ya solanezumab, dripu nyingine ya kulenga amiloidi, yalichagua watu kwa dalili, na karibu robo ya waliopigwa PET hawakuwa na amiloidi. Walikuwa wakitibiwa kitu wasichokuwa nacho.

Uliuliza nini tena, kama ni ya kurithi? Na bei ya MRI? Mwaga mfuko kwanza, piga picha ya meza, ficha jina lake, uweke hapa.