Jibu: Diski gani kwa kompyuta ya kujaribia mashine pepe?

Mkuu, umeuliza kama HDD (diski za sahani zinazozunguka) mbili za TB 4 zitatosha kwa mashine pepe sita, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja, kwenye Proxmox, mfumo wa kuziendesha. Nafasi itatosha, kasi haitatosha. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humudu maombi kama 100 tu ya kusoma au kuandika hapa na pale kwa sekunde. Mashine sita zikianza kujisasisha pamoja, zote zitaganda huku prosesa ikikaa bure.

Mashine ziweke kwenye SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya TB 1. NVMe, aina ya muunganisho wa kasi zaidi, ni nzuri, lakini hata SATA, muunganisho wa zamani, inafaa kabisa. Epuka za QLC (chipu zinazobana biti nne kwa kila seli) za bei ya chini: akiba yake ya haraka ikijaa katikati ya kunakili faili la GB 200, kasi huporomoka hadi kufikia ya HDD au chini yake. Kisha kwenye Proxmox washa Discard, chaguo la kurudisha nafasi iliyofutwa, kwenye kila diski pepe, la sivyo nafasi unayofuta ndani ya mashine hairudi.

HDD ibaki ya bekapu na mafaili ya ISO (ya kusakinishia mifumo). Ukitaka ZFS, mfumo wa mafaili unaounganisha diski kadhaa, hakikisha HDD ni CMR (njia za data hazipandani), si SMR (njia hupandana, uandishi huwa wa polepole), na usiangalie jina pekee, soma namba ya modeli: WD40EFRX ni CMR, WD40EFAX ni SMR, na zote ziliuzwa kama WD Red za TB 4. SMR hukwama vibaya wakati wa kujenga upya safu ya diski baada ya kubadilisha iliyokufa.