Muuzaji ananiomba nifunge lalamiko, Shangazi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio, na mke na watoto wawili. Nimeingia kwenye kukusanya sarafu. Desemba niliona mtandaoni American Silver Eagle, sarafu za fedha za Marekani, za toleo jipya, gredi 70, lebo ya First Strike, zinauzwa kabla hazijatoka. Nikalipa dola 600 za sarafu tatu kwa PayPal. Niliambiwa zitafika mwisho wa Januari. Sasa ni Aprili, muuzaji anasema bado zinapimwa. Wiki iliyopita nimefungua lalamiko, akaniandikia: "Ndugu yangu, lifunge hilo, mzigo ukifika wewe utakuwa wa kwanza." Hela ile ilikuwa ya mchezo (upatu) wa mke wangu. Nimemwambia nimetengenezea gari. Nilifunge? Na je, ninunue tena siku nyingine? – Baba Wawili*

Marahaba baba. Usilifunge.

Lalamiko la PayPal ukishalifunga, kwa malipo yaleyale hulifungui tena. Huyo ndugu yako wa mtandaoni analijua hilo, ndiyo maana amekuwa mtamu ghafla. Na kuna jingine ambalo hakukwambia: usipolipandisha liwe dai rasmi ndani ya siku 20, linajifunga lenyewe. Kwa hiyo hata akikupiga kalenda tu, "subiri Jumatatu, subiri Ijumaa", ameshinda. Ingia leo, lipandishe, na ambatisha tangazo lenye tarehe ya Januari pamoja na ujumbe wake huo wa kukuomba ufunge. Kisha nyamaza. Akikupigia simu, mwambie aandike humohumo.

Ulichonunua Desemba hakikuwa sarafu, ilikuwa ahadi. Wafanyabiashara hawa huagiza sarafu kutoka kiwanda cha serikali ya Marekani, wakazipeleka kwa mamia PCGS au NGC, kampuni za kupima ubora wa sarafu, zikapimwe na kufungwa kwenye makasha yenye namba ya cheti. Kipimo kinaanzia 1 hadi 70, na 70 ni ile isiyoonekana kasoro hata ikikuzwa mara tano. Siku anachukua hela yako, huenda sarafu zenyewe hakuwa nazo, na ngapi zitarudi na 70 hakuna aliyejua. Ile picha uliyoiona ilikuwa ya sarafu nyingine. Namba ya cheti haikuwepo, maana hakuna kilichokuwa kimepimwa. Zikirudi 69 nyingi kuliko alivyotarajia, kuna wateja watakaokosa, na mteja mpole ndiye anayewekwa mwisho wa foleni.

Halafu tazama upande wa bei. Ikipanda wakati unasubiri, anaweza kukurudishia dola zako 600 akasema zimeisha, akamuuzia mwingine kwa zaidi. Ikishuka, mzigo unakufikia haraka sana, nawe umelipa bei ya zamani. Kote kuwili hapotezi, na hela yako imemzungushia biashara miezi minne bila riba.

Si kwamba oda za mapema zote ni wizi. Mwaka 2021 kiwanda chenyewe cha serikali kilichukua oda za sarafu za fedha ziitwazo Morgan, kwa dola 85 kila moja, miezi kabla ya kuzisafirisha. Tovuti ikaelemewa na watu wengi wakakosa. Lakini pale unamdai mwenye mtambo wa kugonga sarafu. Wewe unamdai mtu anayesubiri mzigo kama unavyosubiri wewe.

Na hiyo First Strike isikupumbaze. Haina maana kwamba sarafu yako iligongwa mwanzo. Ni lebo ya PCGS kwa sarafu zilizowafikia ndani ya siku 30 za kwanza tangu zilipotoka. Unalipia kalenda.

Sasa la nyumbani. Mwanangu, mchezo si hela ya mkeo peke yake. Kuna mwanamke mwenzake ambaye zamu yake imefika na anaihesabu. Usisubiri PayPal irudishe ndipo ufukie kaburi kimyakimya. Mwambie jioni hii, umwonyeshe risiti kwenye simu, kisha umweleze mchango wa mwezi huu utautoa wapi: zamu za ziada kazini, au uuze sarafu mojawapo uliyonayo. Atakasirika kwa dola 600, na atakasirika zaidi kwa lile gari. Hasira ya gari umeitafuta mwenyewe, ivumilie. Kupenda sarafu sina neno nako, nimeletewa humu waume wenye starehe mbaya zaidi.

Mzigo ukitokea ghafla kabla ya uamuzi wa PayPal, jirekodi video ukiufungua, lebo ya posta ionekane. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya waliopima, ulinganishe na picha kama ipo, kwa sababu kuna makasha bandia yenye namba halali zilizonakiliwa. Ukikuta 69, usikubali "nitakurudishia dola 20 ubaki nayo". Uliagiza 70, na 70 ndiyo uliyoilipia.

Kununua tena? Nunua, ila mkeo awe anajua, na iwe sarafu iliyokwisha pimwa, yenye picha ya kasha lake na namba yake. Usikimbilie wiki za kwanza. Wakati ule 70 zilizopimwa ni chache na kila mtu anaitaka. Kadiri makasha yanavyoongezeka, bei za matoleo haya ya kisasa kwa kawaida hulegea.