Usimsubiri Mwanafunzi Aombe Msaada

Wanafunzi wanaobisha hodi ofisini kwangu muhula mzima, wengi wao wangefaulu hata nisingekuwepo. Wanakuja kuuliza kwa nini wamepata 78 na si 80. Anayezama haji. Huhamia viti vya nyuma, kisha huanza kukosa vipindi, mwishowe linabaki jina lake kwenye orodha. Katika kufundisha mwaka wa kwanza sijaona jambo linalojirudia kuliko hili, na ushauri wangu kwa wahadhiri wenzangu unatoka hapo hapo: msaada umfuate mwanafunzi.

Haji kwa sababu kuomba msaada ni kazi yenyewe. Lazima kwanza ujue ni kipi hasa hukielewi, kisha uamini kwamba kutoelewa si dalili kuwa umekosea kuja chuo. Mwanafunzi ambaye kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu hana wa kumwambia kwamba kufanya vibaya jaribio la kwanza kunawapata wengi. Anawatazama wenzake wakiandika kimya kimya na kudhani wote wameelewa isipokuwa yeye. Kumwita mtu huyo mvivu ni kumwonea.

Katika miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, alijiuliza kwa nini wanafunzi wengi Weusi walikwama kwenye kalkulasi, somo la hisabati la mwaka wa kwanza, ilhali wenzao wenye asili ya China walifanya vizuri. Wahadhiri aliowauliza walitaja kukosa hamasa, msingi dhaifu, familia, kipato. Treisman hakuridhika, akaenda kuwaona wanafunzi wenyewe mahali waliposomea. Alikuta wale waliokwama wakisoma kwa bidii, ila kila mmoja peke yake. Wale waliofanya vizuri walijisomea kwanza, kisha wakakutana, wakakaguliana kazi na kubishana juu ya maswali. Ninachompendea zaidi ni alichofanya baadaye. Hakuwaundia darasa la wanaoshindwa. Aliwaita kwenye vikundi vya kushughulikia maswali magumu kuliko ya darasani, akawatendea kama watu wanaotarajiwa kung'ara, na matokeo yao yalibadilika sana.

Kwa hiyo mimi siwaambii wanafunzi "undeni vikundi vya diskasheni." Ukiwaachia, wanaojuana wataungana na mgeni atabaki pembeni. Ninapanga vikundi mwenyewe wiki ya kwanza, watu wanne wanne, na kila kikundi kinapewa swali la kufanyia kazi palepale ukumbini. Hata wasipopendana, kila mmoja anaondoka akiwajua watatu wa kuwauliza.

Wazo hilo hilo liko kwenye mpango ulioanzishwa na Deanna Martin mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City. Badala ya kuwatafuta wanafunzi dhaifu, mpango huo ulitafuta masomo yanayofelisha wengi. Mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu somo hulipwa ahudhurie tena mihadhara na kuongoza vipindi vya kujisomea, vilivyo wazi kwa yeyote. Kwa kuwa wanaotaka alama za juu nao wanakaa pale, hakuna anayeona haya kuingia.

Mhadhara wenyewe nao uguswe. Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Kwa wastani, penye mihadhara mitupu walifeli takriban asilimia 34. Penye wanafunzi wanaoshughulishwa darasani, takriban 22. Si lazima ubomoe kozi nzima. Simama katikati ya kipindi, toa swali, kila mtu aandike jibu lake kisha amweleze jirani. Utajua palepale nani amepotea, jambo ambalo mtihani wa mwisho hukuambia wakati hakuna la kufanya tena.

Kazi ya kwanza itoke wiki ya pili, iwe fupi, na irudi kabla ya wiki ya nne. Asiyeileta mwandikie wewe, kwa jina. "Mlango wangu uko wazi" ni maneno mazuri ambayo mwenye aibu huyasikia kana kwamba wameambiwa wengine. Mimi huandika hivi: "Sijakuona darasani wiki hii na kazi yako haijanifikia. Njoo Jumatano saa nane mchana, dakika kumi zinatosha." Kuna siku na saa. Wengi huja.

Wakija, mara nyingi habari si ya somo. Ni ada, zamu za usiku kazini, nauli, mgonjwa nyumbani. Hapo mhadhiri peke yake hatoshi, na chuo kisijifanye hakihusiki. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007, katika vyuo vyake vya miaka miwili, mpango uliounganisha mshauri wa kukutana naye mara kwa mara, msaada wa ada, vitabu na nauli. Ulipopimwa kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, asilimia 40 ya waliopewa nafasi katika mpango walihitimu ndani ya miaka mitatu, dhidi ya 22 ya wenzao. Hao walikuwa wanafunzi walioingia wakihitaji masomo ya kujaziliza msingi, wale wale tunaozoea kuwakatia tamaa.

Mwenye darasa la watu mia nne ataniuliza atawaandikiaje wote. Huhitaji wote. Chukua orodha ya kazi ya kwanza, tenga majina ambayo hayakuleta kitu, wagawie wasaidizi wako, na barua hizo ziondoke kabla ya wiki kwisha.