Re: Lenzi pana ya bei poa kwa Leica M6, picha za usiku

Mkuu, kama unatafutia lenzi pana ya usiku hiyo M6 (kamera ya filamu ya Leica) na lenzi za Leica zenyewe bei huziwezi, chukua lenzi ya Voigtländer Nokton 35mm f/1.4 (mm ndogo inaona pana zaidi, namba ya f ndogo ni tundu kubwa la mwanga), kadude kadogo, chuma tupu, haikuzibii sana kioo cha kutazamia na usiku inabeba mwanga kwelikweli. Ila ujue mistari ya nyumba inapinda kidogo, alafu ukibana tundu kutoka f/1.4 kwenda f/2.8 fokasi inasogea nyuma, so sura za karibu piga wazi kabisa au bana mpaka f/5.6. Ultron 28mm f/2 nayo ni nzuri, lakini kama unavaa miwani kuiona fremu yote ya 28 kwenye kioo cha kutazamia ni shughuli, mi ningebaki na 35. Ukinunua mtumba, mulika tochi ndani, yenye fangasi achana nayo.