Kabla hujatupa karata ya kwanza

Wengi wetu hapa Lamu tuliingia kwenye briji, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, tukitokea karata za barazani, na tukaja na mazoea yetu. Zamu ya kuanza ikikuangukia, mkono waenda wenyewe kwenye ree, uile duru yako kabla mtu hajaikata kwa turufu. Kwenye briji pupa hiyo humnufaisha mpinzani. Kazi ya ree ni kumnasa mfalme au bibi wa mtu. Ukiitupa mapema, itaondoka na karata tatu hafifu, na mfalme wao atabaki anatamba.

Ugumu wenyewe ni huu: aliye kushoto kwa mwenye mkataba, yaani mchezaji wa upande ulioshinda mnada kwa kuahidi idadi ya duru, ndiye anayeanza, tena kabla karata za dami, mwenzake ambaye mkono wake huwekwa wazi, hazijalazwa mezani. Kuna wanaosema basi ni bahati nasibu. Mimi sikubali. Mnada, kule kutajiana ahadi kabla ya kucheza, umeshapita, na wapinzani wameshaeleza mengi kwa vinywa vyao wenyewe. Ami yangu, ambaye ndiye mwenzangu wa siku zote, akiniona nimekodolea macho mkono wangu huniuliza, "Zako wazijua. Zao umezisikia?"

Kwa hiyo mimi huanza na hesabu. Ree ni pointi 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1, na pakiti nzima ina 40. Tuseme aliye kulia kwangu kafungua 1 bila turufu, akiahidi pointi 15 hadi 17, na mwenzake karuka moja kwa moja hadi 3 bila turufu, yaani ahadi ya duru tisa kati ya 13 pasipo aina yoyote kuwa turufu. Wawili hao huwa na kama 26. Mimi nimeshika shupaza ghulamu, 10 na 3. Kopa 8 na 2. Uru 7, 6 na 3. Pau bibi, 8, 6, 4 na 2. Nina pointi 3 tu, kwa hiyo ami ana kama 11.

Kanuni ya vitabuni yasema anza na karata ya nne kutoka juu ya aina yako ndefu, yaani pau 4. Lakini hebu fikiri: hata pau zangu zikishaiva, yaani za juu yake zikishatoka, nitaingia mezani kwa karata gani nizivune? Sina. Nguvu ya upande wetu iko kwa ami, basi itafutwe aina yake. Na dami hakuuliza habari za kopa wala shupaza, jambo ambalo mtu mwenye nne za mojawapo kwa kawaida huliuliza. Natupa ghulamu wa shupaza. Ami anayo ree, bibi, 8, 7 na 2, pamoja na ree ya uru. Mwenye mkataba anakula kwa mfalme wake wa shupaza, analazimika kuzifungua uru, ami anaingia kwa ree yake na kuvuna shupaza nne. Jumla duru tano, mkataba umevunjika. Kwa pau, ile ree ya uru ingeng'olewa huku shupaza zimelala, na huyo bwana angejikusanyia tisa zake kwa raha.

Mambo yakigeuka, nikawa na pointi 9 au 10 na ree ya pembeni ya kuingilia, hapo ile karata ya nne naitupa bila wasiwasi. Faida yake si kwangu tu. Mwenzangu hutoa namba niliyotupa katika 11, na jibu ni idadi ya karata za aina hiyo zinazoizidi katika mikono mitatu iliyobaki. Nimetupa 7: zabaki nne. Akiona mbili kwa dami na mbili mkononi mwake, anajua mwenye mkataba hana hata moja ya kuipiku, na anaweza kuiacha 7 ipite.

Penye turufu hesabu hubadilika. Ukiwa na mfalme, bibi na ghulamu pamoja, tupa mfalme, hilo halina mjadala. Usianze na karata ndogo chini ya ree, maana duru ya pili huenda ree hiyo ikakatwa. Karata ya pekee, ya aina ambayo unayo moja tu, ni tamu ukiwa na turufu kama ree, 7 na 3: unaidhibiti turufu, na ile 7 au 3 utakatia. Ukiwa na bibi, ghulamu na 10 za turufu, kukata kwakupa nini? Hizo zingekuletea duru hata ungelala. Na mwenye mkataba akitaja shupaza kisha kopa, mwenzake akazikimbia shupaza na kukubali kopa, nawe una shupaza nono, anza na turufu. Dami ana upungufu wa shupaza na anangoja kukata.

Mwenzako akiwa ametaja aina yake, anza nayo: ukiwa nazo mbili, tupa ya juu; ukiwa na tatu zenye bibi au mfalme, tupa ya chini. Ila wapinzani wakifika 6 za turufu, yaani ahadi ya duru kumi na mbili, na mwenzako akapiga dabo, yaani kuongeza dau kwamba hawataziweza, sahau aina yake, sahau na turufu. Dabo hiyo huomba karata isiyo ya kawaida, mara nyingi ile aina ya kwanza aliyoitaja dami, kwa kuwa mwenzako hana hata moja na anataka kukata.